Dada Mmoja Humu Ndani

Nyumbani kwa Mama,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na baridi ya huko ugenini imepunguza makali. Sisi huku tunapumua. Presha ya Mama imeshuka, nami bado niko na cherehani yangu, nashona sare za shule mpaka macho yanawasha.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini Sisimizi hataki kuongea na kaka yake. Nilikwepa, maana Mama alikuwa kaketi ubavuni mwangu, masikio wazi. Sasa nakueleza.

Unajua mdogo wangu huyo alijifungua mtoto asiye na pumzi. Usilojua ni kwamba hakulia mbele ya mtu. Alirudi kiwandani, akakanda unga, akatutania kama kawaida, nasi tukajidanganya kuwa amepoa. Siku moja akaenda ofisini kwa kaka, kule kanisani anakochunga, akafunga mlango na kumwaga yote: kwamba analala na blanketi la mtoto, kwamba amemkasirikia Mungu na hawezi kusali. Alitoka akijiona mwepesi. Alimwendea kama kaka, Shangazi. Kumbe aliyekuwepo mle ofisini ni Mchungaji, na Mchungaji alikuwa anatafuta mahubiri.

Jumapili akapanda mimbarani na joho nililomshonea kwa mikono yangu. Akaanza kwa sauti ile yake tamu, "Kuna dada mmoja humu ndani anamnunia Mungu kwa sababu ya blanketi." Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Akaendelea: hospitali, mtoto, kitanda. Kicheko kikakatika. Vichwa vikaanza kugeuka kuelekea benchi letu. Sisimizi akakaza macho mbele, mkono wake ndani ya wangu umekuwa baridi kama chuma. Mwishoni kaka alipigiwa makofi. Mama naye alipiga. Hilo halijanishuka kooni mpaka leo.

Baada ya ibada nilimkuta mlangoni akipeana mikono na waumini. Nikamvuta pembeni.

"Mbona sikumtaja jina?" akasema, na nakuapia, alikuwa anashangaa kweli. "Na neno lile limegusa wengi. Hukuona walivyolia?"

Nikamwambia mwenye msiba hakulia. Akanipapasa bega, akasema ataniombea na mimi niondokewe na uchungu. Miaka yote ile ya chuo, Shangazi, hakuna aliyemfundisha kumtazama mtu usoni.

Juma lililofuata akaja nyumbani na wazee wa kanisa. Sisimizi akawakaribisha vizuri, akawapa chai. Kaka akasimama, akamwekea mkono kichwani, akaomba na kuomba, sauti ikapanda mpaka majirani wakazima redio. Alipomaliza, Sisimizi akasema taratibu, "Asante, kaka. Umeniombea vizuri. Sasa niulize naendeleaje."

Kaka akamtazama, akawatazama wazee, akatazama simu yake. Akafungua mdomo, nami nikasema moyoni, haya, sasa ndiyo.

"Tuombe tena," akasema.

Wenzake wakafumba macho. Sisimizi akautoa ule mkono kichwani mwake, akachukua mtandio, akatoka. Siku hizi anaishi na wenzake wa kazini, upande wa pili wa mji.

Mama anasema binti yake amekufuru. Kila Jumapili anampikia Mchungaji (hamwiti tena mwanangu), naye anakula na kushiba. Mimi kanisani nimeacha kwenda. Juzi kaka amenitumia ujumbe kwamba waumini wanauliza tulipo, na kwamba tunamtia aibu. Kuhusu mdogo wake, hata neno moja.

Nisalimie Baba Mapacha, na mapacha wenyewe uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mwambie na binamu yangu muuguzi kuwa gauni lake liko tayari. Mungu, kama bado ananisikiliza, akulaze salama na kukuamsha salama.

Namba mpya ya Sisimizi nimeiandika nyuma ya bahasha. Ukimpigia, usimwombee wala usimshauri kitu. Muulize hali, halafu unyamaze, hata akikaa kimya muda mrefu. Usikate simu.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye kwa moyo wote,
Fundi wako