Kidole Nilichokificha Kwenye Kitambaa

Jumatano, siku ya nne ya mwezi wa Mfungo Nane. Mvua imekatika, lakini makuti ya paa bado yanadondosha matone.

Mwandiko huu mbaya ni wangu. Kalamu ya mwanzi nimeishika kwa gumba na kidole cha kati, maana kidole cha shahada hakikunjiki. Kwenye sala kinasimama vizuri kuliko cha imamu. Kukikunja ndiyo taabu.

Kiliteguka kisimani, kamba ilipojizungusha kidoleni na ndoo ikaporomoka. Bibi, mama yake baba, ndiye anayeletewa viungo vyote vilivyoteguka hapa Miburani. Alikivuta mara moja, kikarudi mahali pake, akakifunga na vijiti viwili. "Ijumaa mbili," aliniambia. "Ya pili ikipita, fungua, ukande kwa mafuta ya nazi, uanze kukikunja."

Sikufungua. Kila mara Bibi aliponiuliza, nilisema bado kinauma.

Hakikuwa kinauma.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayenisoma. Kwetu biharusi husuka mwenyewe ukili, ule ukanda wa kushonea mkeka atakaokwenda nao kwa mumewe. Posa yangu imekwisha kupokewa, na siku ya harusi inangoja mkeka huo tu. Mchumba sina la kumsema. Nimemwona mara mbili, na zote mbili aliona haya kuliko mimi. Ninachoogopa ni nyumba nisiyoijua, na kama huko wataniacha niandike. Basi nikakiacha kitambaa kinisemee. Ijumaa ya tatu ikapita, na ya nne, na ya tano.

Juzi baba alinipa karatasi hizi zenye muhuri wa tai wa Wadachi, zilizoandikwa upande mmoja, ili ule mwingine ninakilie dua. Nikafungua kitambaa kwa pupa. Kidole kilikuwa chembamba, kimepauka, kigumu kama vile vijiti vyake. Kalamu ikaanguka.

Nilikificha nisisuke. Nikajinyima kuandika.

Leo asubuhi nilimwendea Bibi, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mke mwenzangu. Naona kidole kimetoka eda."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikamwambia yote, mpaka hofu ya ile nyumba. Hakunigombeza. Alikipaka mafuta ya moto, akakikunja polepole huku nimeng'ata kanga. Dawa iliyobaki, alisema, ni kusuka chane za ukindu: kukunja, kuvuta, kukunja tena, asubuhi na jioni.

"Si mkeka wa harusi, Bibi."

"Nani kakutajia mkeka? Suka msala wako wa kusalia. Kwa mama yako nitasema mimi. Na hilo la kalamu, unaniuliza mimi nisiyejua alifu? Mwandikie mwenyewe mchumba. Barua nitaipeleka, na nitamkalia mlangoni mpaka ajibu."

Nimesuka ukili wa urefu wa shibiri moja, umepinda vibaya. Kiungo cha mwisho kimekubali kukunjika kidogo, na kimevimba, na sijali.

Maneno ya barua ninayo tayari. Ningeweza kuyaandika hata sasa, kwa kidole cha kati. Lakini yeye ndiye atakayeamua kama nitaandika, na nataka auone kwanza mwandiko wangu halisi, wa kidole hiki kikipona.

Alasiri nitaloweka chane nyingine.