Mayai Kwenye Changarawe

Dada mpenzi,

Kwa heshima na taadhima natangaza rasmi kwamba paka wako amenenepa kunishinda, na hilo si jambo dogo.

Mto nao ulipendeza. Miaka mitatu sisi wa kikundi cha kusafisha mto tumezoa tope kwa makoleo mpaka changarawe ikaonekana, na mwezi uliopita samaki wa trauti wakataga humo kwa mara ya kwanza. Mumeo alilia, akasingizia vumbi.

"Vumbi gani ndani ya maji, shemeji?" nikamtania.

Sasa mayai yote yamesombwa. Wenzetu wanasema shemeji alifungua kwa pupa lango la kuzuia maji pale juu ya mto siku ya zamu yake, na wamemtoa kwenye kikundi. Hali wala halali vizuri. Kesho nitawaambia ukweli. Nimeanza na wewe ili nisipate pa kukimbilia.

Lango hakuligusa, Dada. Ni mimi. Niliona changarawe ina utelezi, nikaingia na koleo kuisugua, nikijiona fundi. Nilishtukia mayai yanakwenda na maji. Nikatoka, nikanyamaza. Walipopiga kura kumtoa shemeji, nilikuwa nimekaa kando yake, na hata kikohozi hakikunitoka.

Mdogo wako