Dishi Halitoki Kihambani

Baba yangu mpendwa,

Juzi mdogo wako alikuja kihambani, kwenye shamba letu la urithi, na jani la sale mkononi. Unajua uzito wake huku mlimani: ni jani la kuombea msamaha, na anayeletewa hakatai. Akaninyooshea. "Mwanangu, nyota yenu imeshazimika, umesema mwenyewe. Ng'oa hilo dude, kaka yako wa kwangu ajenge fremu za maduka."

Dude lenyewe ni dishi uliloliunga kwa mikono yako, kwa nondo na wavu wa banda la kuku, ulipofunga kibanda chako cha kutengeneza redio kule Ngarenaro. Nilitaka wanafunzi wangu wajifunze kusikiliza anga kabla sijawapa vipimo vya darubini kubwa za redio za nchi za mbali. Siku ya kwanza mshale wa kipimo ulipanda, nikaruka. "Baba, jua hilo!" Ukainamia spika kama ulivyoinamia redio za wateja maisha yako yote. "Jua gani linakohoa? Hiyo ni mota ya Mama Neema, anamenya kahawa." Ukaenda kumwomba asimame kidogo. Akakugomea hadi debe la mwisho. Tangu hapo somo letu linaanza kahawa ya jirani ikiisha, na vijana wale wanatenga mkwaruzo wa mota na mawimbi ya anga vizuri kuliko wasomi wengi wenye vyeti ukutani.

Ndiyo maana niliwakabidhi vipimo vya nova, nyota inayowaka ghafla. Mwanzo wake uliusikia ukiwa umelala kwangu Sekei, mgonjwa. Nilikueleza: nyota mbili zinazungukana, moja kongwe na ndogo, inanyonya gesi ya mwenzake mpaka gesi ile inalipuka. "Na yenyewe inakufa?" Haifi, Baba, inabaki na kuanza kunyonya tena. "Basi huyo namjua, ni shemeji yangu wa Moshono." Ulicheka hadi ukakohoa. Nikakwambia wenye darubini za lenzi waliona mwanga ukififia wakahama, ila sisi wa redio ndiyo kwanza tunaanza, kwa sababu wingu lililorushwa linapotanuka, mawimbi yake huzidi kupanda kwa miezi. "Kumbe nyinyi mnafika matanga yakishaanuliwa!"

Tangu tukuzike mstari wake kwenye mchoro umepanda kila wiki. Nakasirika kwamba hukuuona.

Waheshimiwa mjini wananiuliza nova inaongeza nini kwenye sahani ya Mtanzania. Wanauliza wakiwa na simu mkononi, kana kwamba mawimbi yake waliyaokota njiani. Mbona hawaulizi fremu ya kumi inayouza vocha zile zile inaongeza nini? Na nyumbani naambiwa binti hana kihamba. Ulisema mbele ya mchungaji na ndugu zako wote, "Hapa ni pa binti yangu." Hakuna aliyefungua mdomo. Wameufungua ulipofumbwa wako.

Nilimjibu mdogo wako, "Baba Mdogo, shikamoo. Nyota haijazimika, ni macho tu hayaioni. Na sale ni la msamaha. Nani kamkosea mwenzake hapa?"

Akaliangalia jani mkononi mwake.

"Basi nimelipokea. Nimekusamehe ulichotaka kufanya. Dishi halitoki."

"Una ulimi wa marehemu wewe!"

"Asante, Baba Mdogo."

Jumapili baada ya ibada ukoo unakaa kuamua. Sikufichi, naogopa. Nimezoea kugombana magazetini na watu nisiowajua, lakini hawa walinibeba mgongoni. Hata hivyo nitakwenda. Sitaomba, wala sitalia ili nionewe huruma. Nitawawekea mchoro wa nova mezani, nirudie maneno yako mbele ya mchungaji yule yule, kisha nitawaambia kwamba Jumatatu nina kipindi, na anayetaka kung'oa aje wakati wanafunzi wapo, awaeleze yeye mwenyewe kwa nini.

Pumzika, Baba. Huku sisi wa redio hatusubiri giza, tunafanya kazi mchana kweupe.

Ni mimi binti yako, mwenye kihamba.