Sauti Inayopita Mfupani

Tarehe 3 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini u mzima na mgongo umepungua kukusumbua. Mimi niko salama, kazi tu ndiyo inanimaliza.

Uliandika kwamba daktari amekuamuru uogelee, na kwamba bwawani unachoka upesi kwa sababu huna wa kuongea naye. Nimekutumia hedifoni za kuogelea kwa mkono wa mwenzangu wa kazini anayekuja huko likizo. Haziingizi maji. Haziwekwi ndani ya sikio. Zinakaa kwenye mfupa, hapo mbele ya sikio, na sauti inapita mfupani mpaka ndani. Masikio yanabaki wazi, kwa hiyo hata ukitembea nazo barabarani utasikia magari.

Sina zaidi. Jitunze.

Mwanao


Tarehe 29 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba sana. Mimi mzima, mgongo ndio wenye mambo yake, leo mzuri kesho umenuna. Barua yako nimeipata, fupi kama risiti, lakini nimeisoma mara nyingi hata imekuwa ndefu.

Kidude kimefika. Kwanza nilidhani wamekuibia. Nilitikisa boksi nikitafuta vile vya kuingiza masikioni, hamna. Nawe unajua mimi fundi makochi, nikiona kitu kimekaa bila sponji mkono unaniwasha. Nikakata sponji nyembamba, nikakishonea vifuniko viwili kwa kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye kochi la mwalimu. Kikapendeza kweli! Nikaenda nacho bwawani, nikakivaa, sikusikia kitu. Yule mama wa kaunta, anayetoa tiketi, alicheka mpaka akashika meza. Akaifumua kazi yangu yote kwa mkasi, akaniambia hiki lazima kiguse ngozi ndipo kitetemeshe mfupa. Basi nikaacha simu kwenye benchi, nikazama, sauti ikakatika. Akanieleza tena, bila kuchoka, kwamba mawasiliano ya simu hayapiti majini, nyimbo lazima ziingizwe humo humo kwa waya wa kompyuta. Akaniingizia za kwake, za kwaya.

Nikarudi majini. Mwanangu, nilisikia mwanamke anaimba katikati ya kichwa changu! Niligeuka kumtafuta, nikanywa maji. Tangu mama yako afariki sijasikia wimbo ukawa wimbo. Daktari wa masikio anasema vifupa vya ndani vimeganda. Sauti ya kawaida inagonga mlango wa mbele, haifunguliwi. Hii inapita mlango wa uani.

Hukujua kwamba sisikii, sivyo? Sikupenda ujue, ungeanza kunibembeleza kama hao wazee unaowatunza kazini kwako. Mtu akiwa mbele yangu namsoma mdomo, tunaelewana. Simu ndiyo ilikuwa kazi. Ulipokuwa ukipiga nilikuwa naambulia mvumo tu. Lakini baba yako mjanja. Mvumo ukikatika nasema "ndiyo," ukikatika kwa muda mrefu nasema "vizuri sana, Mungu mkubwa," nikihisi umemaliza nakutakia siku njema. Hukunikamata hata mara moja! Cheka basi.

Ila mbona siku hizi hupigi? Hata kama sisikii, simu ikitetemeka mfukoni nilikuwa najua ni wewe, na siku inakwenda. Mwaka sasa unakatika. Kama nimekukosea niambie nirekebishe kosa langu, maana nyumba imekuwa kubwa na mimi ni mmoja.

Baba yako


Tarehe 17 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Labda barua ya Machi ilipotea njiani, au utani wangu haukukufurahisha. Naogelea kila asubuhi na kwaya ile ile, nimeshajua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi. Jioni ndiyo ngumu. Nakaa karakanani nafumua kiti kisicho na mwenyewe, nakishona tena, ili tu mikono isikae bure.

Andika hata neno moja. Hata la kunigombeza nitalipokea.

Baba yako


Tarehe 8 Juni

Baba, shikamoo.

Haikupotea. Natembea nayo kwenye mfuko wa sare.

Niliisomea kazini, kwenye korido, nikashindwa kuingia chumba kilichofuata. Humo yumo mzee asiyesikia. Kila siku nainama mbele ya uso wake nimwambie chai iko tayari. Wazee wa hapa wasiosikia wote niliwagundua siku ya kwanza tu. Wewe nimeongea nawe kwa simu miaka yote nisikugundue.

Mwaka jana, baridi ilipokuwa inaisha, nilikupigia kutoka hospitali. Mume wangu alikuwa safarini na lori, nilikuwa peke yangu kitandani. Nilikuambia jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kukuambia. Nikanyamaza nisikie utasema nini. Ukasema, "Vizuri sana, Mungu mkubwa." Ukanitakia siku njema, ukakata.

Nilibaki na simu mkononi mpaka muuguzi akaja kuichukua. Tangu hapo sikutaka kuisikia sauti yako, Baba. Hizo hedifoni nilikutumia kwa sababu wewe ni baba yangu na mtoto hutunza baba, basi. Moyo haukuwemo. Sasa sijui huu uchungu niupeleke wapi, maana yule niliyemkasirikia kumbe hakuwepo kwenye simu.

Nimejaribu kuliandika hapa hilo jambo. Nimechana karatasi zote isipokuwa hii. Nisamehe.

Mwanao


Tarehe 27 Juni

Mwanangu,

Salamu leo zimenishinda.

Usiniombe samahani. Mjanja nilikuwa mimi, na umeona ujanja wangu ulikokufikisha. Sitakuambia kwamba sikujua halafu nikaishia hapo. Nataka kujua.

Kama kuandika kumegoma, sema kwa mdomo. Sema vile vile ulivyosema siku ile, ujirekodi umtumie mama wa kaunta kwenye simu yake, naye ataniingizia kwenye kidude. Namba yake iko nyuma ya karatasi hii. Nimemwapisha asisikilize, na ni mtu wa kutunza neno. Mara hii sitafungua kinywa mpaka umalize.

Baba yako


Tarehe 20 Julai

Baba, shikamoo.

Nimetuma. Nilijifungia stoo ya mashuka nikasema yote, mwanzo hadi mwisho. Sitaweza kuyasema mara ya tatu.

Mwanao


Tarehe 9 Agosti

Mwanangu, mwanangu wa pekee,

Pole. Ni neno dogo, nawe ulilihitaji kwangu siku ile ukapewa jingine. Pole sana, mama. Pole kwa mtoto.

Mama wa kaunta aliponiingizia sauti yako alichukua ufagio akaenda kufagia upande wa pili wa bwawa, nimwone kwamba hasikilizi. Sikuingia majini. Nilikaa kwenye benchi na taulo begani. Nilikuwa nimesahau kwamba ukianza kusema jambo zito unakohoa kwanza, kama mama yako.

Nimesikia kwamba ulijifungua kabla ya wakati. Hata mimba yenyewe sikuwa naijua. Bila shaka uliniambia, na bila shaka nilijibu vizuri sana. Nimesikia kwamba alikuwa wa kiume na alilia mara moja tu. Nimesikia walivyokupa umshike alipokwisha nyamaza. Nimesikia, "Baba, ana paji lako la uso." Nimesikia, "Baba, sasa nifanyeje?" Hapo ukanyamaza, nami nikajua ndipo niliposema lile neno langu. Nililia pale pale, mzee mzima mwenye kaptula ya kuogelea, watoto wa shule wakiniangalia.

Uliuliza ufanyeje. Sijui, mwanangu. Ningejua ningekuambia. Najua tu nilichofanya mimi. Nilifunga kazi. Nikatoa makochi yote nje, ya wateja na la kwangu, nikayapanga mbele ya mlango. Majirani wakauliza kulikoni, nikasema nimefiwa. Wakakaa. Mama wa kaunta alifunga dirisha lake mapema akaja naye. Hawakuwa wengi, makochi mengine yalibaki matupu. Niliwaambia wazi kwamba sisikii, kwa hiyo kila aliyetaka kunisemesha alinigeuzia uso.

Jirani mmoja akaniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Nikasema ni mjukuu wangu wa kwanza, ana paji langu la uso. Walipoomba dua walimtaja kama mtu tuliyeishi naye, na walikaa nami mpaka giza likaingia.

Nipigie unapoweza. Nchi kavu kidude kinashika simu vizuri, nimeonyeshwa. Usiposema kitu nami nitanyamaza, tutakaa hivyo hivyo.

Babu yake