Maneno Uliyonisomea Nikishona

Mdogo wangu Wafula,

Popote ulipo, na sijui kama kuna popote, nakuandikia barua ya wazi, mbele ya watu, kwa sababu simu yako haipatikani na sina tena mlango wa kubisha. Jumamosi hii wanakuzika. Ndiyo, wewe. Baba mdogo ameshachagua mgomba pale shambani Mabanga, mnene, ulionyooka. Watauvisha nguo zako na kuulaza kaburini, kama watu wetu wanavyofanya mtu akipotea miaka bila habari.

"Boma haliwezi kaa hivi," anasema. "Hatujui tumuombee huyu kijana kama mzima ama kama marehemu. Tumuzike, tupumzike."

Mama hajabishana naye. Amesema neno moja tu, akiwa anachambua maharagwe: "Mimi sitalilia ndizi." Akaendelea kuchambua. Aliyekuwa anawazuia muda huu wote ni mimi, na sasa nimeacha kuwazuia. Nataka ujue ni kwa nini.

Unakumbuka chumba changu cha Matisi, chenye dirisha linaloangalia ukuta? Mimi kwenye cherehani, wewe kwenye benchi juu ya vitambaa vya wateja, ingawa nilikukataza kila siku, kompyuta yako ikiwa magotini. Wamama waliokuja kuchukua sare za watoto walikuwa wanakuchungulia. "Fundi, huyu ndugu yako na hizo ndevu zote anaangalia katuni?" Mimi nawajibu, "Katuni ni za watoto wako. Hizi ni anime, ni za watu wazima. Lipa sare uende." Ulikuwa unacheka mpaka unashika mbavu. Mtu anayecheka hivyo, nani angemshuku ana jambo moyoni?

Lakini ulikuwa mteuzi, wewe. Zile za panga na makelele hukuzitaka. Ulikuwa unazunguka maduka yote ya muvi hapa Kitale na flashi yako shingoni, unatafuta za huzuni tu. Nikakuuliza siku moja, "Kwani hizi za kucheka zimekukosea nini?" Ukasema, "Dada, mimi natafuta zenye baridi ya saa kumi." Sikuhitaji kuelezwa. Ni ile saa wingu linashuka kutoka Mlima Elgon, kuku wanaingia ndani mapema, mvua haijanyesha lakini mtu tayari anasikia upweke bila sababu. Kila alasiri ya hapa iko hivyo, na wewe ulikuwa unaitafuta hata kwa Wajapani.

Kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye sindano, wewe ndiye ulinisomea. Yale maneno ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, ulikuwa unayageuza Kiswahili palepale, sauti ya mzee kizee, ya mtoto kitoto. Mimi nakanyaga cherehani, nasema "Enhe, endelea," na wewe unaendelea. Nimeshona kola za shule nzima hivyo.

Ile ya stesheni ndiyo iliniingia. Msichana anakaa kwenye stesheni ndogo kijijini, theluji inaanguka, kila siku anangoja treni ambayo haimletei mtu. Haki, huyo msichana alinitesa. Ulinisomea akisema, "Hata nikiacha kuja hapa, kiti hiki kitapata mtu mwingine jioni hiyo hiyo." Nikasimamisha gurudumu. Nikakwambia, "Woi, huyu mtoto anaongea maneno mazito." Ukasema ndivyo imeandikwa. Siku nyingine akasema, "Wananipenda wote, lakini nikinyamaza wanafikiri nimelala." Nililia mpaka chozi likadondoka kwenye shati jeupe la mtoto wa watu.

Na siku ile ya mvua ya mawe, bati likipiga kelele mpaka kengele ya stesheni ikasikika kwa shida, nikakuuliza kwa sauti, "Kwani huyu msichana hana hata dada?"

Uliinamia kompyuta. Kisha ukasoma: "Anaye. Lakini dada yake ana kazi nyingi."

"Dada gani huyo!" nikasema. "Ningemshika, ningemchapa."

Ukacheka, ukanipa mkasi niliokuwa nautafuta.

Ilibaki sehemu moja tu iishe. Ukasema unaenda Bungoma, kuna mtu wa stoo ya nafaka amekuahidi kazi, na ukaniambia mlangoni, "Ile ya mwisho tutaimalizia nikirudi. Usiiangalie bila mimi, Dada." Ukaenda na kompyuta yako, nguo zako nzuri na koti la marehemu baba. Kwenye stoo hukufika. Tuliuliza polisi, tukauliza hospitali, tukauliza watu wetu wa Endebess, tukachoka kuuliza. Ndiyo maana kila baba mdogo alipotaja mgomba nilimrukia. "Ameacha sehemu ya mwisho," nikamwambia. "Mtu hawezi acha kitu karibu kiishe. Atarudi."

"Sehemu ya mwisho ya nini?"

"Ya katuni."

Alinitazama kwa huruma, na hiyo huruma iliniudhi kuliko kama angenitukana.

Basi nikaanza kuitafuta mimi. Nilitaka kusikia tena yale maneno, labda ningeelewa kichwa chako kilikuwa wapi. Na jina lake sikulijua, kwetu ilikuwa ni ile ya stesheni. Umenifanya kituko Kitale nzima, Wafula. Kijana wa duka la muvi ananiuliza, "Madam, jina?" Namwambia sijui, ni ya huzuni, iko na baridi ya saa kumi. Anaangalia mwenzake. "Anime ni mingi kushinda mahindi ya Endebess, bana. Si unipatie hata jina ya mtu?" Ananipa moja, nafika nyumbani, watu wanakatana vichwa. Narudi. Ananipa nyingine, majitu yanakula watu. Narudi. Mwisho akiniona tu anajifanya anapokea simu.

Nimeona huzuni za kila namna kwa ajili yako. Mtoto na paka wake. Wazee wawili na redio. Nyingine zilikuwa nzuri, nakiri, na ungezipenda, na hilo ndilo lilikuwa linanimaliza. Hakuna hata moja iliyokuwa yetu.

Mwezi uliopita nilienda Bungoma kununua kitambaa. Nikaingia duka moja la muvi karibu na soko, kuna msichana mdogo amesuka rasta. Nikamweleza bila matumaini. Stesheni, theluji, msichana na kitambaa chekundu shingoni. Akageuka.

"Hiyo naijua, anti. Lakini hiyo si ya huzuni. Hiyo watu huangalia wakitaka kutuliza akili."

Nikamwambia hajui anachosema. Akaniwekea kwenye flashi.

Nilimwomba jirani kompyuta. Nikafunika cherehani, nikakaa kwenye benchi lako, mikono mitupu, nikasoma mwenyewe. Kiingereza changu ni cha pole pole lakini kinafika. Stesheni ilikuwa ileile, na theluji, na yule msichana. Pale uliponisomea kiti kitakachopata mtu mwingine, anasema, "Leo nimesahau mwavuli." Pale pa kunyamaza na kulala, anamuuliza mzee wa tikiti kama chai bado ina moto. Nikarudisha nyuma. Nikasoma tena. Mwavuli. Chai.

Nikatafuta lile la dada. Nikalipata, kwa sababu nakumbuka kengele iliyolia kabla yake. Wafula, pale hakuna neno. Hakuna hata moja. Theluji inaanguka, msichana anaangalia reli, na chini ya picha hapajaandikwa kitu.

Sehemu ya mwisho nimeiangalia. Treni inafika. Kaka yake anashuka na mfuko wa machungwa, wanakwenda nyumbani wakichekeshana. Ni ya furaha. Ile huzuni yote niliyoipenda, iliyoniliza, ilikuwa yako, na ulikuwa umekaa hatua moja kutoka kwa mguu wangu ukiisema kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili, na mimi nikisema "Enhe, endelea."

Ungeniita jina tu, bana! Ungetupa hiyo kompyuta chini useme, ni mimi, Dada, si yeye. Nakukasirikia, kisha hasira inaisha na inabaki ile saa kumi yako, na hapa kwangu siku hizi haipiti.

Nilimpigia baba mdogo nikamwambia sawa, kwa sababu ile sehemu ya mwisho niliyodhani itakurudisha haikuwa hadithi yako. Akashukuru. Akaniomba kitu kimoja, kwa kuwa nguo zako nzuri ulienda nazo: nishone shati la kuuvisha mgomba. Sikuhitaji utepe wa kupimia, vipimo vyako ninavyo kichwani tangu ukiwa shule. Jeupe, mikono mirefu, kola ngumu jinsi unavyopenda. Nimelimaliza leo. Nikalitundika msumarini, nikaliangalia, nikawaza kwamba mgomba hauna mabega. Litamwagika tu pale chini.

Mama nimemwonyesha. Amelishika kola, akauliza, "Umepima kwa nani?" Nikalirudisha msumarini.

Kama uko hai, njoo kabla ya Jumamosi uvae shati lako, na watu wa matanga waende nyumbani na njaa yao. Kama hauko, basi nimechelewa tena. Lakini saa hii mvua imekatika, cherehani nimeifunika, na ndani hakuna kelele yoyote. Sema, Wafula. Nasikia.

Dada yako,
yule mwenye kazi nyingi.