Bunduki juu ya panga zetu

Mujukuu wangu Mugisho,

Hapa Nyalukemba tuko wazima, ila mama yako anakohoa. Mutoto wa tonton yako, ndugu ya mama yako, ameanza kutembea, anaangusha kila kitu.

Unasema kule India ulienda kutazama kriketi, na mulangoni wakakunyang'anya hata chupa ya maji. Kisha unauliza: "Koko, wewe mutu wa mupira, sababu gani unaniongelea kila mara politike na bunduki?"

Nikiwa kijana, tulicheza mupira kule Mudaka kila samedi, mwisho wa juma. Watu walitoka shambani na panga, na kila mutu aliacha yake kwa maman mumoja aliyeuza ndizi kando ya kiwanja. Siku moja mwanajeshi akakuja na bunduki. Maman akamunyooshea mukono, kama alivyofanya kwa kila mutu. Tuliacha kucheza, woga ulitushika. Mwanajeshi akamutazama, akatoa risasi ndani ya bunduki, akailaza juu ya panga zetu. Tulipofunga bao, aliruka, mikono mitupu juu. Kumbe alikuwa kijana kama sisi.

Siku hizi timu yetu ikifunga, wenye bunduki wanapiga risasi hewani kwa furaha. Juzi tulijilaza chini risasi zikilia, mutoto katikati yetu. Niliwaita mumoja mumoja mpaka wote wakaitika, ndipo nikauliza nani amefunga.

Leo timu inacheza tena. Mimi koko wako, niliyeipenda maisha yangu yote, ninaomba Mungu ishindwe.