Fomu Aliyopewa Shemeji Yako

Shoga, uko wapi? Nimetoka kikao cha wazazi nimejifunika mtandio usoni!

Shemeji yako si akasimama, kifua mbele: "Shule hii imeoza! Mwanangu wa darasa la nne hawezi kuandika hata sentensi moja!" Akapigiwa makofi. Akanogewa, akarudia. Eti hata sentensi moja!

Mwalimu mkuu wala hakubisha. Akatoa fomu yetu ya maoni, ile niliyomkabidhi shemeji yako aijaze, akaisoma kwa sauti:

"Walimu wanafundisha vizuri. Baba ameniambia nijaze mwenyewe kwa sababu anaangalia mpira."

Shoga, watu walicheka mpaka mama wa nyuma yangu akadondosha miwani!

Mwalimu mkuu akaiinua fomu, mwandiko umenyooka.

"Hizi ni sentensi mbili, mzazi."